Udongo Uliotoka Bwawani

Barisal na Jhalokati, kusini mwa Bangladesh, ni nchi isiyo na kilima wala jiwe. Ardhi yote imeletwa na maji. Mto Ganges, ambao huku huitwa Padma, pamoja na Brahmaputra na Meghna, hushusha matope, mengi yake kutoka milima ya Himalaya, na kuyatandaza kabla haijamwaga maji yake katika Ghuba ya Bengal. Kisha mvua huja mwezi Juni, zikisukumwa na upepo uleule ambao mabaharia wa pwani ya Afrika Mashariki wanauita kusi, na hadi Septemba mashamba mengi huwa yamezama. Mwaka 1998 karibu theluthi mbili ya nchi nzima ilikuwa chini ya maji.

Kwa hiyo mwanakijiji anayetaka kujenga hana budi kuinua kiwanja kwanza. Huchimba bwawa, udongo wake akaurundika kando, akaushindilia hadi uwe mgumu, na juu ya mwinuko huo akasimamisha nyumba ya mabati, mbao au mianzi. Maji yakipanda, mashamba hutoweka na miji ya watu, yaani maboma yao, hubaki kama visiwa, kila kimoja kimezungukwa na minazi, migomba na mipopoo. Watoto huenda shule kwa mtumbwi. Ninapotazama vijiji hivi naona kazi ya majembe na vikapu ya vizazi vingi, kazi ambayo hakuna aliyeijengea mnara, na nadhani inastahili heshima ileile tunayowapa wajenzi wa mahekalu.

Bwawa ndilo moyo wa mji. Humo hufugwa samaki, bata huogelea, vyombo husuguliwa kwa majivu ukingoni, na watu huoga wakiwa wamejifunga nguo zao. Familia ya Kiislamu yenye nafasi huwa na mabwawa mawili: la mbele kwa wanaume na wageni, la nyuma kwa wanawake, limefichwa na migomba. Hapo nyuma, kwenye ngazi za kuteremkia majini, ndipo mabibi harusi wageni hufundishwa na mawifi tabia za ukoo walioingia, na ndipo habari za kijiji husikika kabla hazijafika kwa wanaume walioketi kwenye kibanda cha chai. Katika miji ya Wahindu, uani hupandwa mrehani mtakatifu wa tulasi, na jioni mama wa nyumba huwasha taa mbele yake.

Ndugu wa kiume hujenga nyumba zao kuzunguka uwanja mmoja. Wazee wakiisha kufa, au wake wakichoka kupikia pamoja, kinachogawanywa kwanza ni jungu: kila ndugu huanzisha jiko lake, na tangu siku hiyo huhesabiwa kuwa kaya mbalimbali. Uwanja na bwawa huendelea kuwa vya wote, na ugomvi juu ya samaki wa bwawa hilo unaweza kudumu miaka. Jirani asiye na damu moja nao naye huitwa baba mdogo au shangazi, kufuatana na umri wake. Mgeni hapiti bila kukaribishwa tambuu.

Asubuhi mkulima hula kiporo cha wali kilicholazwa majini usiku kucha, kwa chumvi, kitunguu na pilipili. Mpunga wa msimu mkuu huvunwa Novemba na Desemba, na Wahindu hupika wali wa kwanza wa mchele mpya kwa sherehe. Ndiyo miezi ya furaha. Mgema hukwea mitende mwitu jioni na kutundika vyungu, akavishusha kabla ya jua kuchomoza. Utomvu wake hunywewa papo hapo au huchemshwa uwe sukari guru. Hiyo, pamoja na nazi iliyokunwa, hutiwa ndani ya vitumbua vya unga wa mchele vinavyopikwa kwa mvuke, na binti aliyeolewa hutazamiwa arudi kwao kuvila.

Maji ya kunywa ni habari nyingine, nayo ni chungu. Ili kuwaepusha watu na maradhi ya kuhara yaliyotokana na mabwawa, tangu miaka ya 1970 visima vya pampu vilichimbwa kila mahali. Katika miaka ya 1990 ikagundulika kwamba vingi vina aseniki, sumu iliyomo ndani ya udongo wenyewe. Pampu zilipopimwa zilipakwa rangi: nyekundu kwa yenye sumu, kijani kwa iliyo salama. Mzigo ukawaangukia wanawake na wasichana, ambao ndio hutembea hadi kwenye pampu ya kijani ya mji mwingine, wakijenga uhusiano mwema na wenyewe ili wasinyimwe.

Na mto huendelea kula kingo. Waislamu wengi huzika wafu wao pembeni mwa mji, kwa hiyo ukingo ukimeguka huenda na nyumba, mipopoo na makaburi ya mababu. Waliopoteza hivyo huhamia juu ya matuta ya kuzuia maji, au Dhaka, ambako binti zao hushona nguo viwandani. Zamani safari ya kurudi kusini ilikuwa ya meli ya usiku. Tangu Juni 2022 kuna daraja la Padma, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 6, na mabasi hulivuka na kufika kusini kwa saa chache. Wiki ya Idi mabasi hayo hujaa hadi pomoni. Asiye na uwanja tena hufikia kwa baba mdogo, hula jungu la hapo siku zote za sikukuu, na hakuna amwulizaye ataondoka lini.