Muhula Mmoja Japani: Kazi ni ya Sikio

Wanafunzi wangu wanapojiandaa kwenda Japani kwa muhula mmoja, huniletea mizigo yao niione. Karibu kila begi lina kadi za kanji, zile herufi za Kijapani, mamia kwa mamia, zimefungwa kwa mpira. Nawaomba waziache nyumbani.

Si kwamba kanji hazina maana. Orodha rasmi ya kanji za matumizi ya kawaida, iliyopitiwa upya mwaka 2010, ina herufi 2,136, na bila hizo husomi gazeti. Lakini kanji hujifunzika popote penye meza na taa, iwe Morogoro au Mombasa. Muhula wa chuo kikuu cha Kijapani ni wiki 15 hivi, na ni hasara kuzimalizia kwenye kazi ambayo ungeifanya nyumbani kwenu. Hiragana na katakana, maandishi ya silabi yenye alama 46 za msingi kila moja, zishike kabla ya safari. Ukishafika, tega sikio.

Sisi Waswahili tunakwenda na mtaji. Kijapani kina irabu tano kama zetu, na silabi zake nyingi huishia kwenye irabu, ndiyo maana mtu wetu husema sakana (samaki) au tamago (yai) siku ya kwanza na akaeleweka. Ila mtaji huo una mtego wake. Sisi hukaza silabi ya pili kutoka mwisho bila hata kufikiri. Kijapani hakikazi, hupandisha na kushusha sauti. Kwa watu wa Tokyo, hashi ikianza juu ikashuka ni vijiti vya kulia. Ikianza chini ikapanda ni daraja. Nenda Osaka, ukute mambo yamegeuka: inayoshuka ndiyo daraja. Hakuna kitabu kitakachokutia hilo sikioni. Urefu wa irabu nao unataka uangalifu. Obasan ni shangazi au mama mdogo, obaasan ni bibi, na mwanamke wa makamo hafurahi kuitwa bibi na mgeni.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote, hata hivyo, ni kuitikia. Wajapani huliita aizuchi, neno lililotoka kwa wahunzi: fundi akipiga nyundo, mwanagenzi wake hujibu kwa nyundo yake, zamu kwa zamu. Msikilizaji hakai kimya. Kila msemaji anapovuta pumzi, yeye hutia hai, au un, au sō desu ne. Hai ya hapo si kukubali. Ni kusema nakusikia, endelea, kama ehee yetu.

Nilipokuwa mwanafunzi Osaka, mama wa nyumba niliyofikia alinipigia simu akiwa kazini, anielekeze kuosha mchele na kuutia kwenye jungu la umeme. Mimi nimelelewa kwamba mkubwa akisema, mdogo hunyamaza. Nikanyamaza kwa heshima zote. "Moshi moshi?" akauliza, yaani halo. Nikajibu nipo. Akaendelea kidogo, kisha tena, "Moshi moshi?" Alidhani simu imekatika. Mara ya tatu aliagana nami kwa upole, akampigia jirani aje kunionyesha.

Kwa hiyo chagueni kukaa na familia kama nafasi ipo, hata kama bweni lina uhuru zaidi. Ndani ya nyumba ndimo unamosikia kitenzi kimoja kikivaa sura tatu: taberu ni kula kwa kawaida, meshiagaru ni kula kwa unayemheshimu, itadaku ni kula kwako wewe unayejishusha. Aliyekua na shikamoo na marahaba haoni ajabu kwamba ukubwa wa mtu huingia kwenye neno. Anachokosa ni mazoea. Kibarua nacho husaidia. Mwenye viza ya masomo, akipata kibali cha uhamiaji, anaruhusiwa saa 28 kwa wiki wakati wa masomo, na mkahawa wa tambi ni darasa zuri la lugha ya heshima. Chuo Kikuu cha Osaka kina wanafunzi wanaosomea Kiswahili. Mpe mmoja saa yako ya Kiswahili, akupe ya Kijapani.

Makaratasi yasikuelemee. Ukipata makazi, nenda ofisi ya manispaa ndani ya siku 14 na kadi yako ya ukaazi, uandikishe anwani, na kama unakaa zaidi ya miezi mitatu ujiunge na bima ya afya ya taifa.

Wiki ya kumi mama yule alinipigia tena. Safari hii nilimwitikia kila alipopumua: hai, un, sō desu ka. Hakuuliza moshi moshi hata mara moja. Alizungumza dakika 20, tukaacha habari za mchele, tukafika kwenye maumivu ya magoti yake.