Ngano Mbulu, Hanang: Kuchelewa kukatua nyasi ni kupoteza msimu

Mkazi wa mjini anayelalamikia bei ya mkate ni nadra kulifikiria trekta la mkulima wa Manyara. Hata hivyo, Tanzania huagiza nje sehemu kubwa ya ngano yake, na vita vya Ukraine vilipozuka mwaka 2022, bei ya unga ilipanda hadi madukani.

Ndiyo maana ardhi ya nyanda za juu za Mbulu, ikiwamo Kata ya Nambis, na uwanda wa Basotu wilayani Hanang inatazamwa upya. Huko Basotu, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula (NAFCO), kwa msaada wa Kanada, liliendesha mashamba saba ya ngano, kila moja likiwa na wastani wa ekari 10,000. Shirika hilo lilipoyumba, sehemu ya ardhi ilikaa bila kulimwa na nyasi zikatawala.

Kuirudisha ardhi ya namna hiyo kwenye ngano si suala la kuwa na trekta tu, bali la kujua lini liingie shambani.

Katika nchi za baridi, ngano ya majira ya baridi hupandwa wakati wa vuli. Manyara hakuna majira hayo. Ubaridi unatokana na mwinuko. Mvua huanza takriban Novemba na kwisha Mei, na ngano hupandwa kwa kawaida kati ya Januari na Machi.

Mkulima anayesubiri hadi Januari ndipo akatue hukumbana na matatizo matatu.

La kwanza ni maji. Nyasi zilizo hai hunywa unyevu wa mvua za mwanzo, na mbegu hukuta udongo mkavu.

La pili ni rutuba. Vijidudu vya udongo vinapoozesha mizizi mingi ya nyasi, huitwaa naitrojeni iliyopo, na kwa wiki kadhaa ngano hubaki na njaa na kugeuka manjano. Mizizi ikipewa muda wa kuoza, naitrojeni hiyo hurudi.

La tatu ni magugu. Nyasi zenye mizizi ya kutambaa huchipua upya zisipofukuliwa na kuachwa juani.

Kwa sababu hiyo, wakati unaofaa ni mwishoni mwa masika, udongo ukiwa bado na unyevu kidogo. Jua la kiangazi hukausha mizizi, kisha haro hupigwa baada ya mvua za kwanza. Udongo mzito wa mfinyanzi haukatuliwi ukiwa umelowa, kwani hushikamana na kuwa mabonge magumu.

Uamuzi huo una gharama zake. Ardhi iliyoachwa wazi huweza kusombwa na maji, na makorongo yaliyochimbika Basotu enzi za mashamba makubwa ni ushahidi. Kwenye miteremko, ni lazima kulima kwa kukinga mlima na kuacha mikanda ya nyasi, au kuua nyasi kwa dawa na kupanda bila kukatua.

Aidha, nyasi hizo si ardhi isiyo na kazi. Wafugaji wa Kibarabaig, waliofika mahakamani miaka ya 1980 kudai malisho yaliyotwaliwa kwa ajili ya ngano, wanazihitaji hasa wakati wa kiangazi.

Kwa hiyo, kabla ya kupanga tarehe ya kukatua, vijiji havina budi kukubaliana ni eneo lipi litalimwa na lipi litabaki malisho.