Samaki wakielea Ugalla alfajiri, ni sumu au wamekosa hewa?

Kiangazi kikikolea mkoani Tabora, mto Ugalla huacha kutiririka na kubaki madimbwi. Samaki, viboko na mamba wote wanabanana humo humo. Siku perege wakikutwa wanaelea, neno la kwanza huwa “sumu”. Lakini huenda wamekosa hewa tu.

Maji ya moto hayabebi oksijeni nyingi. Lita moja yenye nyuzi joto 20 hushika kama miligramu 9. Ikifika nyuzi 30 ni 7.5 hivi. Halafu kuna majani yanayooza na kinyesi cha viboko, na bakteria wanaovimeng’enya wanavuta hiyo hiyo iliyobaki. Mwani hutoa oksijeni mchana, usiku nao unaitumia. Ndiyo maana alfajiri ndiyo saa mbaya.

Hata kwenye nchi za baridi kali yapo: barafu hufunika ziwa la kina kifupi, theluji inazuia mwanga, samaki wanaishiwa hewa chini yake.

Machi 2022 samaki walipokufa mto Mara, kamati ya serikali ilisema oksijeni ilipungua kwa sababu ya kinyesi na mkojo wa mifugo. Wengi walibisha.

Kwenye dimbwi, mtazame kambale. Ana kiungo juu ya matamvua kinachovuta hewa ya nje, hivyo hustahimili maji yanayomuua perege. Kambale naye akielea, vyura pia, hapo shaka ya sumu ni kubwa. Sababu ikiwa haijajulikana, usiokote wa kula wala wa kuuza. Mwite afisa uvuvi.