Kamera Ijiamulie, au Mpigapicha Aamue?

Wanafunzi wenzangu, wengi wetu hudhani kwamba mpigapicha stadi haachii kamera ijiamulie. Sivyo! Katika Mbuga ya Ziwa Nakuru, kifaru akichomoka kichakani huku mawingu yakipita mbele ya jua, hata bingwa huiacha kamera ipime mwanga yenyewe. Akianza kuzungusha vidude, kifaru keshaenda zake.

Taabu ni kwamba kamera haijui inachokitazama. Hudhani kila kilicho mbele yake kina rangi ya kijivu cha wastani. Basi ndege weupe aina ya mwari wakijaa ufukoni, hutoka kama waliomwagiwa jivu. Naye nyati mweusi akiijaza picha, hutoka amepauka. Hapo stadi huongeza mwanga kwa mwari na kuupunguza kwa nyati.

Lakini mimi naona mtihani hasa uko harusini, maana harusi hairudiwi na mwenye picha mbovu halipwi. Gauni jeupe, suti nyeusi, jua kali la saa saba. Kamera ikiachiwa, gauni litakuwa jeupe picha hii, kijivu picha ile. Stadi hupima mara moja, tuseme sekunde 1/250 na tundu la f/11 kwa ISO 100, kisha hagusi kitu. Wakiingia kanisani, hupima upya.