Mnara Usiomalizika: Kazi Zilizobaki Juu ya Meza Yangu



Nyuma ya nyumba ya mchungaji hapa Kapolowe kuna chumba kidogo ambacho watoto wangu wanakiita hospitali ya redio. Ukifungua mlango unakuta meza, chuma cha kulehemu, kipimo cha umeme na masanduku kumi na manne. Katika kila sanduku kuna kazi niliyoianza mimi mwenyewe. Mwezi wa Januari nilizihesabu. Zilizokuwa zimemalizika zilikuwa mbili tu.

Najua siko peke yangu. Katika parokia zetu nyingi kuna kijana au mzee mwenye mkono wa ufundi, na nyumbani kwake kuna redio zilizofunguliwa na kompyuta zisizo na kifuniko. Leo napenda kueleza kwa nini kazi hizi zinarundikana, na jinsi ya kuzipunguza. Lakini kwanza nieleze ufundi wenyewe.

Redio ya kupenda na foni ya kanisa

Duniani kote kuna watu wanaoitwa radioamateri, yaani watu wanaopiga redio kwa kupenda, si kwa mshahara. Wanajenga vyombo vyao, wanatundika antena, na wanaongea na wenzao wa mbali bila kutumia mtandao wa simu. Umoja wao wa kimataifa ulianzishwa Paris mwaka 1925. Kila mmoja anapewa na serikali yake kibali na jina la kuitia hewani. Kwa nchi yetu majina hayo huanza na 9Q. Hawaruhusiwi kufanya biashara hewani.

Foni ya kanisa ni jambo lingine kwa sheria, maana ina kibali chake na masafa yake. Lakini kwa ufundi ni ndugu mmoja. Zote mbili hutumia mawimbi mafupi, ambayo hupanda juu, yakagonga tabaka la hewa lenye umeme, yakarudi chini mbali sana. Kwa wimbi la mita 40, antena ni waya wa mita 20 hivi, uliokatwa katikati, mita 10 kila upande. Ukiitundika chini kidogo, mita sita au nane juu ya ardhi, sauti hupanda karibu wima na kurudi kama mvua juu ya nchi yote inayokuzunguka, hata kilomita 300. Ndiyo sababu foni ya Kapolowe inaweza kuongea na Mitwaba mchana, ingawa kuna milima katikati na barabara ya kufika kule ni mateso wakati wa mvua.

Siku hizi wengi wetu tumeongeza kazi ya kompyuta. Unachukua kompyuta kuukuu, unaweka ndani yake programu kama Kiwix, na wanafunzi wanasoma Wikipedia kwa simu zao bila intaneti. Kazi hiyo nayo iko katika sanduku langu la tano. Ilianza vizuri.

Kwa nini kazi hazimaliziki

Sababu ya kwanza: kuanza ni rahisi, kumaliza kuna gharama. Kufungua redio kunataka bisibisi tu. Kuifunga tena kunataka kipande cha dola mbili ambacho hakipo Likasi, labda Lubumbashi, na mara nyingine hata kule hakipo.

Sababu ya pili: kazi moja huzaa nyingine. Redio yangu ilitaka umeme wa volti 12. Wakati wa kusikiliza inakula kidogo, lakini wakati wa kutuma kwa wati 100 inataka ampea 20 hivi. Chombo changu cha umeme kilitoa ampea tano. Basi nikaanza kujenga chombo cha umeme. Kwa kukijaribu nilihitaji kipimo kizuri, na kipimo changu kilikuwa kimekufa. Nikafungua kipimo. Sasa nina kazi tatu, na redio bado haijasema neno.

Sababu ya tatu: tunapokea vitu. Mgeni anaondoka, anaacha kompyuta mbili. Ndugu anahama, anakuletea betri. Huwezi kukataa, maana ni zawadi, lakini kila zawadi iliyoharibika ni kazi mpya.

Sababu ya nne ni ya moyo. Mwanzo wa kazi una utamu. Mwisho wake ni kukaza parafujo, kuandika majina ya waya, kusafisha. Mtu anayependa ufundi hukimbilia utamu mwingine.

Ziko pia kazi zinazokatishwa na mambo makubwa kuliko sisi. Kabla ya Vita vya Kwanza, Wabelgiji walijenga kituo kikubwa cha redio huko Laeken, karibu na Bruxelles, ili kuongea na Kongo. Tarehe 28 Machi 1914 kilirusha hata muziki hewani. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo Wabelgiji wenyewe wakakilipua ili Wajerumani wasikitumie. Aliyezuiwa na vita, ugonjwa au njaa hana aibu. Lakini masanduku yangu hayakuzuiwa na vita.

Sanduku la tisa

Katika sanduku la tisa kulikuwa na foni ya parokia. Iliponyamaza, niliwaambia wazee wa kanisa: niachieni, baada ya majuma mawili mtaisikia. Ikapita miaka miwili. Hakuna aliyenisumbua. Kwetu mchungaji hadaiwi kwa urahisi.

Halafu mama mmoja wa kanisa, muuzaji wa samaki wa ziwa, alifiwa na kaka yake katika kijiji cha upande wa Mitwaba ambako simu haishiki. Habari ilimfikia siku ya tisa, kwa mdomo wa dereva wa lori. Maziko yalikuwa yamekwisha. Nilipokwenda kumfariji alinipokea kwa heshima, akanipa kiti, kisha akauliza kwa sauti ya chini: "Baba mchungaji, ile foni, ingeweza kutuambia?"

Nilimjibu ndiyo. Sikuwa na neno lingine.

Usiku ule nilisoma tena Luka 14, pale Yesu anaposema juu ya mtu anayejenga mnara bila kuketi kwanza na kuhesabu gharama. Nilikuwa nimelihubiri fungu hilo mara nyingi, nikiwaza kwamba msiba wa mtu yule ni kuchekwa. Nikaona sasa kwamba mnara hujengwa ili mtu aone na aonywe. Usipomalizika, yuko aliyekuwa akiutegemea.

Jinsi ya kupunguza

Kesho yake nilichukua daftari, nikagawa masanduku katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni deni: kazi ambayo mtu mwingine anaingoja. Fungu la pili ni shule: kazi ninayoifanya kwa kujifunza na kufurahi. Fungu la tatu ni mzigo: vitu ninavyoviweka kwa sababu naona haya kuviachilia. Madeni yalikuwa matatu. Shule zilikuwa nne. Mizigo ilikuwa mitano.

Mizigo niliitoa: mingine kwa fundi wa sokoni, mingine kwa wanafunzi wa ufundi. Shule zinabaki, bila aibu; Mungu hakukataza mtu kucheza na waya jioni. Lakini hazifunguliwi kama deni liko mezani. Na meza inabeba kazi moja tu. Juu ya kila sanduku nimebandika karatasi yenye mistari mitatu: inamngoja nani, inakosa nini, hatua inayofuata ni ipi. Mstari wa tatu unasaidia sana, maana ukirudi baada ya mwezi huanzi tena kutafuta ulipoishia.

Na wale wanaongoja niliwaendea na kuwaambia ukweli. Kwa kazi moja nilisema wazi: hii siiwezi, tafuteni fundi mwingine. Ilikuwa vigumu kuliko kulehemu.

Foni ilichukua siku nne. Kapasita mbili zilikuwa zimekauka kwa umri na joto, na kiungo cha waya wa antena kilikuwa kimeliwa na kutu. Siku nne, baada ya miaka miwili. Asubuhi ya tano nilimwita yule mama. Tulisikia kwanza upepo, halafu sauti ya ndugu wa Mitwaba akitusalimu. Mama aliomba tu aulizwe kama watoto wa marehemu wanasoma.

Ndugu yangu, ikiwa nyumbani kwako au kanisani kwako kuna kazi iliyolala, iwe redio, iwe kuta zisizo na paa, usianze na ile unayoipenda. Uliza kwanza nani anangoja. Mungu awabariki.