Toleo Jipya la Mfumo wa Kompyuta: Kwa Nini Wengi Huchelewa Kuhama?

Na Kitengo cha Mawasiliano Serikalini

Tarehe 14 Oktoba, 2025 kampuni ya Microsoft ya nchini Marekani ilisitisha masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, mfumo uliozinduliwa tarehe 29 Julai, 2015 na kuenea katika ofisi, shule, steshenari na nyumba nyingi. Kompyuta zenye mfumo huo hazikuzimika siku hiyo. Kesho yake ziliwaka kama kawaida, zikachapa barua na kufungua intaneti. Kwa sababu hiyo, wamiliki wengi hawakuona haja ya kufanya lolote.

Jambo hili linamhusu hata mkazi asiyemiliki kompyuta. Anayeomba leseni ya biashara, cheti cha kuzaliwa, mkopo wa elimu ya juu, au mkopo wa asilimia 10 wa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, mara nyingi hutumia kompyuta ya steshenari au ya jirani. Nakala za kitambulisho chake na nywila zake hupita humo. Usalama wa kompyuta hiyo ni usalama wake pia.

Mfumo endeshi ni nini?

Mfumo endeshi ni programu kuu inayoiwezesha kompyuta kufanya kazi. Ndio unaopokea amri kutoka kwenye kibodi, kuhifadhi faili, kuwasiliana na printa na kuziruhusu programu nyingine zifunguke. Kila baada ya miaka kadhaa mtengenezaji hutoa toleo jipya. Kati ya toleo moja na jingine hutoa masasisho madogo ya kuziba mianya ambayo wahalifu wanaweza kupenyeza. Toleo la zamani linapofikia ukomo wake, masasisho hayo husimama.

Watu huhama kwa kasi gani?

Kwa ujumla watu huhama polepole kuliko watengenezaji wanavyotarajia. Windows XP ilitolewa mwaka 2001, na masasisho yake yalisitishwa tarehe 8 Aprili, 2014. Licha ya matoleo matatu mapya kutoka katika kipindi hicho, takwimu za kampuni ya Net Applications zilionesha kuwa mwezi mmoja kabla ya ukomo huo, zaidi ya robo ya kompyuta duniani zilikuwa bado zinatumia XP.

Microsoft ilipozindua Windows 10, iliwaruhusu watumiaji wa Windows 7 na Windows 8.1 kuhamia bila malipo kwa mwaka mmoja. Lengo lake lilikuwa kufikia vifaa bilioni 1 ndani ya miaka miwili hadi mitatu. Kasi ya awali ilikuwa kubwa: vifaa milioni 14 katika saa 24 za kwanza, na zaidi ya milioni 75 katika wiki nne. Baada ya hapo mwendo ulipungua, na bilioni hiyo ilitangazwa Machi 2020, karibu miaka mitano tangu uzinduzi. Waliokuwa na shauku walihama mapema. Waliosalia walihama pale tu walipolazimika, ama kwa kununua kompyuta mpya au kwa kukaribiwa na ukomo wa toleo walilonalo.

Sababu za kuchelewa

Sababu ya kwanza ni uwezo wa kompyuta yenyewe. Windows 11, iliyotolewa tarehe 5 Oktoba, 2021, inahitaji kumbukumbu isiyopungua gigabaiti 4, hifadhi isiyopungua gigabaiti 64 na chipu maalumu ya usalama iitwayo TPM 2.0. Inahitaji pia prosesa iliyo katika orodha ya Microsoft, na kwa sehemu kubwa orodha hiyo inaanzia kwenye prosesa za miaka ya 2017 na 2018. Kompyuta nzima isiyo na kasoro yoyote inaweza kukataliwa kwa sababu ya umri wa prosesa yake tu. Mwenye kompyuta ya namna hiyo hachelewi kwa uzembe. Mlango umefungwa mbele yake.

Sababu ya pili ni programu na vifaa vinavyoambatana na kompyuta. Mwenye steshenari huogopa kwamba printa yake ya zamani au programu yake ya hesabu itagoma baada ya mabadiliko. Hofu hiyo ina msingi. Kuhama kunapofanywa bila kujaribu kwanza, kazi inaweza kusimama kwa siku kadhaa.

Sababu ya tatu ni mazoea. Windows 8 ilipotoka mwaka 2012 bila kitufe cha Start kilichozoeleka, watumiaji walilalamika sana, na mwaka 2013 kitufe hicho kilirejeshwa katika Windows 8.1. Mtu aliyejifunza kazi yake kwa jasho hafurahii kuanza upya.

Sababu ya nne ni gharama ya intaneti. Toleo jipya lina ukubwa wa gigabaiti kadhaa. Kwa mkazi anayetegemea bando la simu, kulipakua ni matumizi yanayohitaji kufikiriwa.

Hali ni tofauti kwa watumiaji wa kompyuta za Apple. Kampuni hiyo hutengeneza kompyuta na mfumo wake pamoja, na tangu mwaka 2013 hutoa matoleo mapya bila malipo. Kwa sababu hiyo wateja wake huhama haraka zaidi, ingawa nako kompyuta za zamani hufikia mwisho wa kuhudumiwa.

Ufa usipozibwa

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Tarehe 14 Machi, 2017 Microsoft ilitoa sasisho la kuziba mwanya mmoja katika Windows. Miezi miwili baadaye, tarehe 12 Mei, programu haribifu iitwayo WannaCry ilipita katika mwanya huohuo, ikafunga faili za watu na kudai malipo ili kuzifungua. Ilienea katika nchi zaidi ya 150. Nchini Uingereza iliathiri takriban theluthi moja ya taasisi zinazoendesha hospitali za umma katika eneo la England, na maelfu ya miadi ya wagonjwa ikafutwa.

Kompyuta nyingi zilizoathirika zilikuwa na Windows 7, toleo ambalo wakati huo lilikuwa bado linahudumiwa. Sasisho lilikuwepo, ila wamiliki hawakuwa wameliweka. Kwa hiyo kuwa na toleo linalohudumiwa hakutoshi; ni lazima pia kukubali masasisho yanapokuja.

Mkazi afanye nini?

1. Tambua toleo ulilonalo. Bonyeza kwa pamoja kitufe chenye nembo ya Windows na herufi R, andika neno winver, kisha bonyeza Enter.

2. Ikiwa ni Windows 10, pima kama kompyuta inaweza kupokea Windows 11 kwa kutumia programu ya bure ya Microsoft iitwayo PC Health Check. Ikikubalika, kuhama hakulipiwi.

3. Kabla ya mabadiliko yoyote, nakili faili zako muhimu kwenye diski ya nje au flashi, na uihifadhi mbali na kompyuta.

4. Ikiwa kompyuta haikubaliki, fungua sehemu ya mipangilio ya Windows Update. Kwa watumiaji binafsi, Microsoft iliweka mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama hadi tarehe 13 Oktoba, 2026. Njia nyingine ni mifumo ya bure kama Ubuntu au Linux Mint. Baadhi ya programu za Windows hazifanyi kazi humo, lakini huduma zinazofunguliwa kwa kivinjari cha intaneti hupatikana.

5. Unaponunua kompyuta iliyotumika, usiulize bei na rangi pekee. Uliza mwaka wa prosesa na kama kompyuta inakubali Windows 11. Bei ndogo inaweza kuwa ya kifaa ambacho ofisi nyingine imekiacha kwa sababu hiyohiyo.

6. Unapotumia kompyuta ya steshenari, toka kwenye akaunti yako ukimaliza, na omba nakala za vitambulisho vyako zifutwe mbele yako.

Hakuna haja ya kukimbilia kila toleo jipya siku linapotoka. Mwenye kusubiri miezi michache ili kasoro za mwanzo zirekebishwe hakosei, mradi toleo alilonalo bado linahudumiwa. Asubiri huku akiijua tarehe ya ukomo na kuweka akiba mapema, ili siku hiyo isimkute mikono mitupu.