Baraza moja tu: nani anauliza hesabu ya feza yetu?



Bantu wengi banafikiri serikali ni ngazi: mukubwa juu, mwingine chini yake, vile vile mpaka ku kijiji. Kwa kutoa amri ni kweli. Lakini si kila daraja iko na baraza yake na sanduku yake ya feza. Tuelewe polepole.

Katiba ya 2006 inapa uwezo huo, chini ya provense, kwa aina ine: muji, komini, sekta na sheferi. Mu Lubumbashi kuko madaraja mawili: komini saba, kama Katuba, Kenya na Ruashi, na juu yao muji wenyewe. Hapa Kasenga ni ingine. Teritware haina baraza. Administratere anawekwa na serikali ya Kinshasa. Kijiji pia hakina. Basi kati ya kijiji na provense ya Haut-Katanga kunabaki daraja moja tu yenye baraza: sheferi, sekta, ao komini ya mashamba.

Inafanya kazi namna gani? Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 inasema raia wanachagua washauri. Washauri wanapitisha bajeti na kuuliza hesabu. Mu sekta, njo wao wanachagua mukubwa wa sekta. Mu sheferi, sultani anatoka mu ukoo wake kwa desturi, lakini hata yeye bajeti yake inapita mbele ya baraza.

Na feza? Sheria inasema: kwa kila franga 100 za mapato ya taifa, 40 ni za provense. Ku zile 40, sehemu 40 kwa mia ni za serikali hizi ndogo. Fanyeni hesabu: ni franga 16.

Daraja moja ni muzuri: soko ikiharibika, hakuna kutupiana, "si mimi, ni yule." Lakini baraza hiyo moja ikikosekana, hakuna ingine ya kuuliza. Tarehe 20 Desemba 2023 washauri wa komini walichaguliwa Kinshasa na mu miji mikubwa ya maprovense tu. Mu masheferi na masekta uchaguzi haukufika.

Siku utafika, wengi wetu tutakuwa tumefikisha miaka 18. Tusiulize tu mugombea ni wa ukoo gani. Tuulize: utasoma hesabu ya feza mbele ya bantu, ndiyo ao hapana?